Ofisa Mafunzo na Majeruhi Wake Mmoja

Usiku wa jana niliota nimelala. Si kitandani kwangu. Nimelala chali kwenye nyasi za uwanja wa shule, na kifuani nimebandikwa kadi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: PAJA LIMEVUNJIKA. DAMU NYINGI. ANAONGEA.

Mpaka hapo hapakuwa na cha ajabu, maana hiyo ndiyo kazi yangu hata nikiwa macho. Naitwa Mwinjuma Hoza, kaimu ofisa mafunzo wa Kikosi cha Hiari cha Uokoaji hapa Korogwe. Tuko watu ishirini na sita tunaojitolea pale mto unapofurika au gari linapopinduka barabara kuu. Kama mara saba kwa mwaka tunafanya mazoezi, na zoezi halifanyiki bila majeruhi. Sasa watu wazima wenye akili zao hawapendi kulala juani wakigumia. Mimi nina kilo hamsini na nne, wabeba machela wananipenda, na kugumia najua. Kwa miaka sita majeruhi nimekuwa mimi.

Pembeni yangu amelala Bwana Pumzi. Huyu ni sanamu la mpira la kufundishia watu kumpulizia mtu pumzi mdomoni na kumsukuma kifua. Ni kichwa na kiwiliwili tu, hana mikono wala miguu, na midomo yake imechakaa kwa kazi.

"Wamekwenda kunywa chai," akasema Bwana Pumzi.

"Wote?"

"Wote. Wametuacha kama kawaida."

Hilo nalo ni kweli. Saa nne ikifika kikosi kizima huenda kula maandazi, na majeruhi huachwa palepale alipo ili asije akalegeza mafundo. Andazi langu huletwa baadaye, limepoa, na hulishwa kwa mkono wa mtu kwa sababu mimi nimefungwa.

"Tumelala pamoja miaka sita," Bwana Pumzi akaendelea, "na hujawahi kunipulizia hata mara moja."

"Sijapata nafasi."

"Watu elfu mbili na mia tatu wamenipulizia. Wengine walikuwa wametoka kula vitunguu. Sista Yunisi peke yake amenifufua mara mia nne. Wewe ukinipita unanisalimia tu, kama jirani wa wodini."

Kadi yangu ilisema ninaongea, haikusema ninajibu.

"Haya, inuka," akasema. "Leo si zoezi. Leo unathibitishwa."

"Paja langu limevunjika."

"Limeandikwa tu, ndugu yangu. Inuka."

Nainuka. Namgeukia ili nimsaidie naye kuinuka, na uwanja haupo. Nimesimama ndani ya chumba cha kusubiria abiria pale stesheni ya reli, jua la asubuhi linaingia dirishani, na kwenye mabenchi wamekaa abiria ambao ni vyeti. Vingine vimevaa fremu, vingine vimejifunika nailoni. Kimoja kinasoma gazeti.

Nikakitambua cheti changu cha huduma ya kwanza. Kilikuwa kimelazwa kwenye benchi la mwisho, kimefifia, kimewekewa dripu ya wino. Kando yake kilikaa cheti changu cha ndoa, kinakipepea.

"Kimezidiwa," cheti cha ndoa kikaniambia kwa sauti ya chini. "Muda wake unaisha leo saa sita mchana. Miaka miwili imetimia."

"Na wewe?"

"Mimi sina tarehe ya mwisho," kikasema, kikanikazia macho vilevile anavyonikazia mke wangu. "Ila hata mimi ningependa kukumbukwa siku mojamoja."

Cheti mgonjwa kikafumbua macho. "Mwinjuma," kikasema, "kabla sijaenda, niambie. Ulinipata wapi?"

"Kwenye semina."

"Ulikaa wapi?"

"Nyuma, karibu na dirisha."

"Na siku ya vitendo?"

"Siku ya vitendo nilijitolea kuwa majeruhi."

Kikafumba macho tena. Cheti cha ndoa kikaongeza kasi ya kupepea. Niliona haya, nikaondoka pale kwa hatua ndogondogo, kama mtu anayetoka msibani kabla ya chakula.

Katikati ya chumba palikuwa na meza, na juu ya meza ameketi Sista Yunisi Singano. Huyu ndiye kamanda wetu. Ni muuguzi mstaafu, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, na kwa sababu hiyo watu wote wanamwogopa. Alikuwa anakunywa chai. Chini ya meza ameketi Chambo, ofisa wetu wa mawasiliano, magoti yamegusa kidevu, redio koli imegusa mdomo.

"Unafanya nini huko, Chambo?"

Sista Yunisi akanieleza: "Mwongozo unasema ofisa mpya atakaa chini ya msimamizi kwa siku tisini. Leo ni ya themanini na nane. Na usimsemeshe, maana juzi alizungumza kwenye redio akasahau kumalizia na "ova", neno la kumwachia mwenzake zamu. Bado zamu ni yake."

Chambo akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa na ndevu za siku mbili.

"Sista," nikasema, "mimi nimekuja kuthibitishwa."

"Najua. Nenda dirishani. Ukimaliza nitakukagua." Akanywa funda. "Mwinjuma, umejiandaa?"

"Nimejiandaa, Sista."

Ni lazima nieleze hapa habari ya kuthibitishwa, kwa sababu ilikuwa ya kweli na ilikuwa inanikosesha raha wiki nzima. Leo Jumamosi, saa tatu asubuhi, kikosi kilikuwa kikutane ili Sista Yunisi anitangaze kuwa ofisa mafunzo kamili na lile neno kaimu liondoke. Ofisa mafunzo kamili ndiye anayesaini kadi za wanagenzi. Tuna wanagenzi kumi na wawili. Bila saini yake hakuna anayeruhusiwa kushuka mtoni mvua zikianza. Akisaini, wanashuka, na aliyeko majini anakuwa mikononi mwao. Ndiyo kusema watu wasionijua wangeishi au wasiishi kwa kalamu yangu.

Nakwenda dirishani. Ni dirisha la tiketi, na nyuma ya nondo umeketi Mwongozo wa Maofisa wenyewe, kile kitabu chetu chembamba chenye jalada la kijani. Umevaa miwani. Kila ukitaka kusema jambo unajifunua mpaka ukurasa unaohusika, halafu unakohoa vumbi.

"Mwombaji, jina?"

"Mwinjuma Hoza."

"Sharti la kwanza, mahudhurio. Ofisa ahudhurie mazoezi yasiyopungua asilimia sabini." Ukajifunua. "Wewe una asilimia mia. Hakuna ofisa mwingine mwenye mia."

"Ahsante."

"Umelala mazoezi yote."

"Ndiyo, Mwongozo."

"Sharti la pili, awe mwepesi kufika eneo la tukio. Wewe huwa umeshafika kabla ya tukio. Umepita. Sharti la tatu, awe mtulivu mbele ya majeraha makubwa. Sista Yunisi ameandika kwamba uliwahi kusinzia ukiwa umekatika mguu. Umepita. Sharti la nne." Hapo Mwongozo ukajifunga, ukafuta miwani kwa ukurasa wake wa mwisho, ukajifunua tena. "Sharti la nne, ofisa awe amehudumia majeruhi kwa mikono yake, na fomu itaje mhudumu na aliyehudumiwa."

Nikaanza kukuna shingo.

"Nasoma fomu yako," ukasema Mwongozo. "Mhudumu, Mwinjuma Hoza. Majeruhi, Mwinjuma Hoza. Mara arobaini na moja."

Sasa hiyo fomu ipo. Si ya ndotoni. Iko kwenye faili la kikosi, na niliijaza mimi. Mazoezi yakiisha watu hutawanyika, na mimi hubaki na karatasi kwa sababu mimi ndiye ninayetunza kumbukumbu. Kwenye nafasi ya majeruhi niliandika jina langu, na hapo sikusema uongo hata kidogo. Kwenye nafasi ya mhudumu palitakiwa jina la ofisa anayeombewa cheo. Anayeombewa cheo ni mimi. Nikaandika. Mara ya kwanza mkono ulisita, mara ya tano haukusita, na kufikia mara ya arobaini nilikuwa naandika huku nakula. Sista Yunisi akazisaini zote siku moja, miwani ameisahau nyumbani.

Mtu atauliza kwa nini nisiinuke tu siku moja nikamfunga mwenzangu. Sista mwenyewe aliniambia si mara moja wala mbili: Mwinjuma, leo alale mwingine, ufunge wewe. Nikasema mgongo unauma. Ukweli ni kwamba naogopa. Mwaka juzi Bi. Mwanahamisi, jirani yangu anayepika vitumbua, aliteleza mbele ya mlango wangu akavunjika mkono. Nilitoka mbio nimevaa kizibao cha kikosi, mgongoni kimeandikwa HUDUMA YA KWANZA kwa herufi za kung'aa. Nilipofika nikasimama. Nikapuliza filimbi. Nikamwambia, vumilia Bi. Mwanahamisi, wataalamu wanakuja. Akakaa saa nzima ameshika mkono mmoja kwa mkono mwingine, ananitazama, na mimi namtazama. Mkono ulipona ukiwa umepinda. Mpaka leo akinipa vitumbua huniongezea kimoja, na hicho cha nyongeza ndicho kisichonishuka kooni.

Basi Mwongozo ulikuwa bado unanisubiri dirishani.

"Naweza kueleza," nikasema.

"Hakuna haja. Karatasi ya kikosi haisemi uongo. Imeandikwa una majeruhi wako, basi unaye. Yuko chumba namba mbili." Ukachungulia saa ya ukutani. "Treni ya majeruhi inapita saa sita kamili. Mhudumie, akaguliwe, apande. Ukishindwa, hapandi. Asipopanda mtakaa hapa wote wawili, maana kikosi hakifungi tukio lenye majeruhi ambaye hajaondolewa."

"Na akipanda, mimi naruhusiwa kwenda nyumbani?"

"Soma ukurasa wa kumi na tisa. Majeruhi huondoka kwanza. Mhudumu hubaki eneo la tukio mpaka kamanda amwachie."

Ukurasa wa kumi na tisa naujua kwa kichwa, nimewasomea wanagenzi mara nyingi, nikiwa nimelala.

Nafungua mlango wa chumba namba mbili. Ndani kuna benchi moja, na kwenye benchi nimekaa mimi.

Alikuwa mimi kabisa, na soksi zangu zile zenye tundu la kidole. Tofauti ni kwamba alikuwa amebandikwa kadi zote arobaini na moja, toka shingoni hadi vifundoni, kama ubao wa matangazo wa kata. Nikazisoma. AMEGONGWA NA PIKIPIKI. AMEUMWA NA NYOKA. AMEANGUKA MNAZINI. AMEPIGWA NA UMEME. AMEZIMIA, na chini yake, ANAONGEA. Tumboni alikuwa na ile ya Machi mwaka jana, siku ambayo wanawake wote wa kikosi walikataa kulala kwenye tope: MJAMZITO, MIEZI MINANE, UCHUNGU UMEANZA.

"Umechelewa," akasema.

"Samahani. Unajisikiaje?"

"Unaniuliza? Soma."

"Nianze na lipi?"

"Mwongozo umesema moja tu linatosha. Chagua mwenyewe."

Nikawa natafuta kadi nyepesi. Nilikumbuka kulikuwa na moja ya mchubuko wa goti, ya zoezi la kwanza kabisa. Mwenzangu akaona macho yangu yanakokwenda, akaifunika ile ya goti kwa kiganja. Halafu akainyanyua nyingine, akaiweka mbele ya uso wangu. MKONO WA KUSHOTO UMEVUNJIKA.

"Huu," akasema.

Nilipuliza filimbi. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe mfukoni na filimbi ikajikuta mdomoni. Nikapuliza mara tatu kama inavyotakiwa, tukasubiri. Hakuja mtu. Kwa mbali nilisikia kijiko kikikoroga chai.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi kitambaa hicho hapo."

Kwenye ukingo wa benchi kuna kitambaa cha pembetatu, cheupe, kimepigwa pasi. Nakichukua. Nakikunjua vibaya mara mbili, mpaka kitambaa chenyewe kinaniambia nitulie. Nakipitisha chini ya mkono wake, napandisha ncha moja begani, ncha nyingine naileta juu, nafunga fundo nyuma ya shingo. Linafunguka. Nafunga tena. Linafunguka na mkono unaanguka, na yeye anakunja uso kwa namna ambayo mimi, katika miaka yote ya kugumia, sijawahi kuigiza.

"Samahani, samahani sana."

"Na hata lisingefunguka, hapo panauma," akasema. "Nyuma ya shingo kuna mfupa. Sista haweki hapo."

"Anaweka wapi?"

"Mwenzangu, wewe ndiye unayejua. Umefungwa mkono mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini hapa."

Nikamwambia hilo ni jambo lingine. Kufungwa si kufunga. Aliyeliwa na simba hawi mwindaji.

"Hata mwindaji angependa kumuuliza maswali," akasema. "Fumba macho. Uko uwanjani. Sista kapiga magoti upande wako wa kushoto. Anakusaidia kuweka kiganja wapi?"

Nikafumba macho. Nikajisikia niko uwanjani, nyasi zinanichoma kisogo, Sista Yunisi ananukia sabuni na tangawizi. "Juu kidogo ya kiwiko," nikasema. "Vidole vinaelekea bega la pili. Kiganja kisining'inie."

"Haya weka."

Nikaweka.

"Kitambaa?"

"Ncha ndefu inapita begani. Ya chini anaipandisha mbele, taratibu, huku mkono wake mwingine umebeba wangu, asiuachie hata kidogo. Ananiambia, pumua Mwinjuma." Kumbe hilo nalo nililijua. "Fundo analiweka hapa mbele, juu ya mtulinga, penye shimo dogo. Halibani mfupa."

"Fundo lenyewe?"

Hapo nilikwama, kwa sababu fundo sikuwahi kuliona. Mtu aliyelala chali haoni shingo yake. Nilichokuwa nacho ni mguso tu: vidole vyake vinagusa upande huu, vinagusa upande ule, kitambaa kinavutwa kidogo, kisha vinarudi kinyume chake. Kulia juu ya kushoto. Halafu kushoto juu ya kulia. Nikavifanya vidole vyangu vifanye vile shingo yangu ilivyokuwa inakumbuka. Nikavuta. Fundo likalala bapa, likatulia.

Nikafumbua macho. Mkono umekaa kifuani pake kama mtoto mgongoni.

Halafu majeruhi wangu akapumua pumzi ndefu sana, na kadi nyingine zote arobaini zikaanza kudondoka moja moja, mpaka ikabaki ile ya mkono. Ya ujauzito ilidondoka mwisho. Ilionekana ameizoea.

Sista Yunisi anaingia na kikombe chake. Nyuma yake anatambaa Chambo, maana meza imebaki na hajui akae chini ya nini. Sista anaingiza vidole viwili kati ya kitambaa na shingo, anaona vinapita. Anaminya ukucha wa majeruhi mpaka unakuwa mweupe, anauachia, anautazama.

"Damu inarudi," anasema. "Kafunga nani?"

"Mimi, Sista."

Ananitazama juu ya miwani yake. Leo anayo. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Linafaa," anasema, na anasaini.

Niseme ukweli, machozi yalinilengalenga. Nimewahi kusifiwa kwa kugumia, nimewahi kusifiwa kwa kuzimia vizuri. Kusifiwa kwa kufanya jambo ilikuwa mara ya kwanza.

Treni ikaingia. Machela ililetwa, mbele ikabebwa na Bwana Pumzi kwa meno, kwa kuwa hana mikono, na nyuma akabeba Chambo. Nilitaka kuuliza Bwana Pumzi anatembeaje bila miguu, nikaona si adabu. Vyeti vyote vilisimama kutoa heshima. Changu kilikuwa kimeketi, dripu imetolewa, rangi imemrudia mgonjwa, kinakula andazi.

Majeruhi wangu alipopandishwa akatoa kichwa dirishani. "Mwenzangu," akasema, "ahsante. Huku kulala nimechoka."

"Nenda salama. Usiuchezeshe mkono."

"Wewe huji?"

Nikageuka kumtazama Sista Yunisi. Alikuwa ameshapanda tena mezani, anapuliza chai yake, hasemi kitu cha kuniachia. Mlangoni palikuwa na foleni. Walikuwa wanagenzi wetu wote kumi na wawili, kila mmoja na kadi kifuani, wanasubiri kwa adabu.

"Nina watu hapa," nikamjibu.

Na sikuogopa. Nilimwambia wa kwanza akae kwenye benchi, nikachukua kitambaa, nikamwambia apumue. Treni ikaanza kuondoka na majeruhi wangu akanipungia mkono wake mzima mpaka behewa la mwisho likapita kona. Chambo akasema "ova", chumba kizima kikapumua, na mimi nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kumekucha. Mama Nuru, mke wangu, alikuwa amesimama kando ya kitanda na kikombe cha chai, ananitazama.

"Baba Nuru, umeumia?"

"Sijaumia."

"Sasa hiyo nini?"

Nikajitazama. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekunjwa kifuani, kiganja juu kidogo ya kiwiko, vidole vimeelekea bega la pili. Umebebwa na kanga yake, iliyokunjwa pembetatu. Nikapapasa kwa mkono wa kulia. Nyuma ya shingo hakuna kitu. Fundo liko mbele, juu ya mtulinga, limelala bapa.

"Umenifunga wewe?" nikamuuliza.

"Mimi? Kanga naifunga kiunoni, sijui kumfunga mtu."

"Basi nimejifunga mwenyewe usingizini."

"Kwa mkono mmoja?" akasema Mama Nuru. "Hebu jaribu."

Nikajaribu juu ya godoro, kwa pembe za shuka, mkono mmoja. Haikuwezekana. Nikaomba leso yake, nikajaribu kwa vidole vyote vya kulia na vichache vya kushoto vilivyochungulia kwenye kanga, nikawa navikumbuka vile vya Sista vinavyokwenda huku na huku. Havikwenda. Fundo langu likawa tonge. Hapo ndipo nilipoelewa. Ukurasa wa kumi na tisa uko wazi: anayeondoka eneo la tukio ni majeruhi. Mhudumu hubaki. Aliyerudi nyumbani kwa Mama Nuru alikuwa yule aliyefungwa, na yule anayejua kufunga bado yuko kule stesheni, ana watu kumi na mmoja kwenye foleni.

Simu ikaita. Ni Sista Yunisi.

"Mwinjuma, usichelewe. Na uje na kalamu."

"Sista," nikasema, "usinitangaze leo. Zile fomu nilizoandika kwamba nimehudumu, sikuhudumu. Nililala tu. Mimi sijawahi kumfunga mtu."

Nilisikia kijiko chake kikigonga kikombe.

"Na mimi nilizisaini bila kuzisoma," akasema hatimaye. "Kwa hiyo makosa ni mawili. Uje saa nane, mkutano ukishaisha. Uje na kitambaa. Nitalala mimi."

Nikaweka simu. Mama Nuru alikuwa amekwisha kuinama, vidole vyake viko kwenye mtulinga wangu, anataka kunifungua apate kanga yake.

"Polepole," nikamwambia. "Nataka nione linaanzia wapi."

Akakaa kitandani. Tukalifungua taratibu, hatua moja moja, tukalifunga, tukalifungua. Mara mbili likawa tonge na ikabidi tutumie meno. Chai ikapoa. Saa tatu, wakati kikosi kinakutana, nilikuwa nimefika mara ya tisa, na mara hiyo nilikuwa nafunga mimi, kwenye mkono wa Mama Nuru, mkono wake mzima umelala kwenye kiganja changu na mimi siuachii.

"Pumua," nikamwambia.

"Napumua. Linabana."

Nikalifungua, nikaanza tena.